Maji ya Kupozea Maziwa: Kwa Nini Tulipie Maji Ambayo Hayakupungua?

Kiangazi kimoja, miaka michache iliyopita, wanachama wa chama kimoja cha maziwa upande wa Kenyenya walikwenda kupokea malipo yao ya mwezi. Walikuta kila lita imekatwa shilingi moja na senti sitini. Karani wa chama alipoulizwa, alionyesha karatasi moja tu, nayo ilikuwa bili ya maji.

Wakulima walikasirika sana. Wengine walisema kwamba kuanzia kesho watauza maziwa yao kwa wachuuzi wa barabarani. Wengine walitaka mwenyekiti aondolewe, na vijana wawili watatu walisema dawa ni kukata mita ile na kuunga bomba moja kwa moja. Mkutano uliitishwa siku ya Jumamosi. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, kwa hiyo hata leo watu wengi huniita Mwalimu. Niliombwa nihudhurie ili nisome zile karatasi na kueleza hesabu yake.

Chama chenyewe sitakitaja kwa jina, kwa sababu mambo yake yameisha vizuri na haifai kuyafukua. Tena hesabu zake nimezigeuza kuwa tarakimu kamili, ili kila msomaji aweze kuzifuata kwa penseli yake. Naandika habari hii kwa kuwa ninyi mlio katika skimu, kuanzia Borabu ambako watu wengi wa Kenyenya wana ndugu zao, hata wale walio mbali zaidi, mnanunua mitambo ya kupozea maziwa au mnafikiria kuinunua. Ugomvi huu waweza kuwafikia ninyi pia.

SWALI LA MAMA MMOJA

Katika mkutano ule wanaume walisema kwa muda mrefu. Halafu mama mmoja, mjane mwenye ng'ombe mmoja wa gredi, alisimama. Yeye hupeleka lita tano kwa siku, yaani lita mia na hamsini kwa mwezi. Kwa makato yale alipoteza shilingi 240, nazo ndizo alizokuwa ameziweka kwa ajili ya madaftari ya mtoto. Aliniuliza hivi:

"Mwalimu, mimi nimeyaona yale maji kwa macho yangu. Yanaingia kwenye mtambo yakiwa baridi, yanatoka yakiwa moto, yanakwenda kwenye mtaro, na kutoka mtaroni yanarudi mtoni. Hatukuyanywa, hatukufulia nguo, hatukuyachafua. Hayakupungua hata kikombe. Mbona tunalipia kana kwamba tumeyamaliza?"

Watu walipiga makofi. Mimi nami niliona kwamba swali lile si la kupuuzwa. Nilimjibu, "Mama, swali lako ni la haki. Nipe siku saba, nitalijibu mbele ya watu hawa hawa." Basi nikaenda kwanza kuutazama mtambo.

MTAMBO HAUUMBI BARIDI

Ili tuelewane, ni lazima tujue mtambo wa kupozea hufanya kazi gani. Watu wengi hudhani kwamba ndani yake mna baridi inayotengenezwa. Sivyo. Mtambo huhamisha joto tu. Maziwa yakitoka kwenye kiwele yana nyuzi 37 hivi za joto, na katika joto hilo vijidudu vyaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa nusu saa hivi. Ndiyo sababu maziwa ya jioni, yakiachwa hivi hivi mpaka asubuhi, huganda na kukataliwa. Yakipozwa upesi mpaka nyuzi 4, vijidudu hulala, na maziwa yaweza kungoja gari.

Joto lile lililotoka katika maziwa haliwezi kupotea, ni lazima litupwe mahali. Mitambo mingi ya siku hizi hulitupa hewani kwa feni, na ukisimama nyuma yake utasikia hewa ya moto. Lakini mingine, hasa ya zamani, hulitupa katika maji. Bomba lenye moto huoshwa na maji baridi, nayo maji huchukua joto na kuondoka nalo. Chama chetu kilikuwa kimenunua mtambo wa namna hiyo uliokwisha kutumika, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Hakuna aliyeuliza utakunywa maji kiasi gani.

Sasa tuhesabu. Kupoza lita 1,000 za maziwa kutoka nyuzi 35 hadi nyuzi 4, pamoja na joto la mashine yenyewe, kunahitaji maji ya mfereji kama lita 4,000, ikiwa maji hayo yanapata moto wa nyuzi 10 zaidi kabla ya kutoka. Yaani kila lita moja ya maziwa hutaka lita nne za maji. Uniti moja ya maji katika bili ni lita 1,000, ambazo ni mitungi 50 ya lita 20. Basi chama kinachopokea lita 1,000 za maziwa kwa siku kitatumia uniti 4 kwa siku, au uniti 120 kwa mwezi. Tukichukua bei ya shilingi 100 kwa uniti, kwa ajili ya hesabu hii tu, hiyo ni shilingi 12,000. Ukizigawa kwa lita 30,000 za maziwa ya mwezi, kila lita itabeba senti 40.

Lakini wanachama walikatwa senti 160. Je, senti 120 zilitoka wapi?

TULIYOYAKUTA

Nilikwenda pale saa tatu ya usiku, pamoja na mwenyekiti na mlinzi. Mtambo ulikuwa umezimika, kwa sababu maziwa yalikuwa yamekwisha kupoa. Lakini maji yalikuwa yakiendelea kumwagika mtaroni. Mlinzi alisema, "Mzee, mfereji huu haufungwi kamwe. Tuliambiwa tukiufunga mashine itaungua."

Ni kweli kwamba mashine ikifanya kazi bila maji itaharibika. Lakini ikiwa imelala haihitaji hata tone. Mtambo ulifanya kazi saa sita tu kwa siku, na mfereji ulikuwa wazi saa 24. Saa sita zikitumia uniti 4, saa 24 hutumia uniti 16. Kwa mwezi ni uniti 480, na kwa bei ile ya mfano ni shilingi 48,000. Zigawe kwa lita 30,000 utapata shilingi moja na senti sitini. Hesabu ilikubaliana kabisa na makato. Mwizi waliyekuwa wakimtafuta ofisini alikuwa mtaroni, akiimba usiku kucha.

Tulipima na mita pia. Tulifunga mifereji yote tukatazama ule mshale mdogo mwekundu. Haukusogea, kwa hiyo bomba halikuvuja. Kisha tukajaza mitungi kumi ya lita 20. Mita ilisogea lita 200, bila kuzidi wala kupungua. Mita haikuwa na kosa.

Hata hivyo wakulima hawakuwa na makosa katika kila jambo. Nilipozipanga bili zote za mwaka kwa tarehe, niliona kwamba mwezi mmoja wa nyuma uliandikwa kwa makadirio, kwa kuwa msoma mita alikuta lango limefungwa. Makadirio yale yalizidi tarakimu iliyosomwa mwezi uliofuata. Tuliandika barua, tukaambatisha nakala za bili na tarakimu za mita, na ofisi inayohusika ilirekebisha. Jambo hilo lilimalizika kwa karatasi, bila kelele.

JIBU NILILOMPA MAMA

Siku ya saba tulikusanyika tena. Nilimwambia hivi: "Mama, ulisema maji hayakupungua hata kikombe. Kwa mto ni kweli. Lakini sisi hatulipii kupungua kwa mto. Maji ya bomba yamechotwa, yamesafishwa kwa dawa, yamesukumwa kwa stima mpaka juu ya kilima, yamewekwa katika tangi. Kila uniti iliyopita katika mita yetu ilitumia dawa na stima hiyo, hata kama tuliimwaga dakika ile ile. Mita haihesabu maji yaliyopotea. Huhesabu maji yaliyopita."

Kisha niliwauliza wote, "Nani kati yenu huchota maji katika kioski kilicho chini ya kilima?" Mikono mingi iliinuliwa. "Na asubuhi mnakuta nini?" Walisema kwamba tangu kiangazi kuanza mfereji wa kioski ulikuwa mkavu mpaka saa nne, na wanawake na watoto walikuwa wakishuka hadi chemchemi, wakipanga foleni tangu alfajiri. Wakwe wa mama yule mwenyewe walikuwa katika foleni hiyo.

Tangi lile lilikuwa moja. Usiku, wakati lilipopaswa kujaa, mfereji wetu ulikuwa ukilikausha. Maji yetu yalirudi mtoni, ndiyo. Yaliteremka mpaka mto Gucha na kuelekea Ziwa Victoria. Lakini hayakurudi katika tangi, na hayakurudi katika mtungi wa yule aliyengoja. Mfereji ulipoanza kufungwa usiku, haukupita muda mrefu kabla maji hayajaonekana tena kioskini mapema.

UGOMVI HUU NI WA ZAMANI

Watu wa Kenyenya wasione haya. Ugomvi huu umewahi kusumbua miji mikubwa yenye mawakili na wahandisi wengi.

Mwaka 1902 kijana mmoja mhandisi, Willis Carrier, alichora mtambo wa kurekebisha hewa ya kiwanda kimoja cha kupiga chapa huko Brooklyn, New York, kwa sababu unyevu uliharibu karatasi. Huo ndio mwanzo wa mitambo ya kupozea hewa tunayoiona leo katika mahoteli na mabenki. Baadaye mitambo hiyo ilienea katika sinema, maduka na maofisi ya Marekani, na mingi ilipozwa kama mtambo wetu: maji yaliingia baridi, yakatoka moto, yakamwagwa.

Katika miaka ya 1940 na 1950 miji mingi ya Marekani ilianza kuwatoza wenye mitambo hiyo ada ya pekee, juu ya bei ya kawaida ya maji. Ada hiyo mara nyingi ilipimwa kwa ukubwa wa mtambo. Wenye majengo walilalamika: "Maji yetu yana mita. Tumekwisha kuyalipia. Mbona tulipe mara mbili?" Makampuni ya maji yalijibu kwamba mitambo yote hufunguliwa siku moja, saa moja, yaani ile siku ya joto kali ambapo kila mtu anataka maji. Kwa ajili ya siku hizo chache kampuni yalazimika kununua pampu kubwa na kulaza mabomba makubwa, ambayo mwaka uliobaki hayana kazi. Ni nani alipe gharama hiyo? Mwenye mtambo, au mama mwenye mfereji mmoja jikoni?

Jambo la kufaa katika ugomvi ule ni njia ya kuumaliza. Miji ile iliwaambia wenye mitambo: jengeni chombo cha kuyazungusha maji yale yale, nasi tutawapunguzia au kuwaondolea ada. Basi wengi walijenga.

Wengine walijaribu kuchimba visima vyao wenyewe ili waikwepe mita. Katika kisiwa cha Long Island, ambacho Brooklyn ni sehemu yake, visima vilikuwa vingi hata maji ya chini yakashuka na maji ya chumvi ya bahari yakaanza kuingia. Mwaka 1933 jimbo la New York lilitunga sheria juu ya visima vipya vikubwa, na maji ya kupozea yakatakiwa yarudishwe chini ardhini. Hapo ndipo hoja ya mama yetu ilipokubaliwa: yakirudi pale pale yalipotoka, huo ni ukopaji tu. Lakini hata hivyo maji yalirudi yakiwa moto, na baada ya miaka, maji ya chini katika sehemu za Brooklyn yalionekana kuwa na joto zaidi kuliko zamani. Maji ya moto hayapozi vizuri.

Na mambo haya hayajaisha. Siku hizi ugomvi umehamia katika majumba makubwa ya kompyuta. Katika mji wa The Dalles, jimbo la Oregon, ilijulikana kwamba mwaka 2021 majumba ya Google yalitumia zaidi ya robo ya maji yote ya mji. Tarakimu hizo zilitolewa hadharani mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya gazeti moja kushindania haki ya kuzijua. Basi kila mahali wananchi huuliza mambo mawili: maji ni kiasi gani, na nani analipa?

DAWA IMO KATIKA CHUNGU

Chombo cha kuzungusha maji chaweza kuonekana kigeni, lakini maarifa yake tunayo nyumbani. Kila mtu anajua kwamba maji katika chungu cha udongo huwa baridi kuliko maji katika ndoo ya bati. Kwa nini? Chungu hutoa jasho. Maji kidogo hupenya katika udongo na kuwa mvuke, na mvuke ule ukiondoka huchukua joto nyingi sana. Kidogo kikiondoka, kingi hupoa.

Mnara wa kupozea ni chungu kikubwa. Maji yenye moto kutoka mtamboni hupandishwa kwa pampu ndogo, huachwa yaanguke kama manyunyu juu ya fito au vipande vya mbao, na hewa hupita katikati. Sehemu ndogo hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Sehemu iliyobaki hufika chini ikiwa imepoa, ikarudi mtamboni. Wale waliopita Naivasha na kuona yale mawingu meupe ya Olkaria, ambako stima imetengenezwa kwa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981, wajue kwamba mengi ya mawingu hayo hutoka katika minara ya namna hiyo.

Sasa hesabu yake. Mtambo wetu ulimwaga lita 4,000 kwa siku hata ukitumiwa kwa uangalifu. Kwa mnara, maji yanayogeuka mvuke ni kama lita 70, na tukiongeza yale ya kubadilisha ni lita 100 hivi. Hiyo ni uniti 3 kwa mwezi, yaani shilingi 300 kwa bei ya mfano. Lakini tusidanganyane, pampu nayo hula stima. Pampu ya wati 400 ikifanya kazi saa sita kwa siku itatumia uniti 72 za stima kwa mwezi. Tuseme kila uniti ni shilingi 30, hiyo ni shilingi 2,160. Jumla ni shilingi 2,460, au senti nane kwa kila lita ya maziwa. Linganisheni:

Mfereji wazi mchana na usiku: senti 160 kwa lita.
Mfereji kufungwa mtambo ukilala: senti 40 kwa lita.
Maji kuzungushwa: senti 8 kwa lita.

Kwa mama wa lita tano kwa siku, hiyo ni shilingi 240, au 60, au 12 kwa mwezi. Hatua ya kwanza, ile ya kufunga mfereji, haikugharimu hata senti moja. Hatua ya pili ilihitaji tangi, pampu, fito na fundi, na chama kilikatia jambo hilo shauri katika mkutano wake, kikaweka akiba kidogo kidogo mpaka kikajenga.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, kabla ya kununua mtambo uliotumika, ulizeni: unapozwa kwa feni au kwa maji? Ikiwa ni kwa maji, ni lita ngapi kwa saa? Andikeni jibu, na lihesabiwe pamoja na bei. Mtambo wa bei nafuu waweza kuwa ghali mwaka haujaisha.

Pili, wekeni fundi atie kilango kinachojifunga chenyewe mtambo ukizimika. Ikiwa hamna, basi mlinzi aandikiwe kazi hiyo, na aeleweshwe sababu yake. Mlinzi wetu hakuwa mvivu. Aliambiwa nusu tu ya habari.

Tatu, maziwa yapunguzwe joto kabla hayajafika mtamboni. Nyumbani simamisha kopo la maziwa ndani ya birika la maji baridi, maji yafike usawa wa maziwa, ukoroge kwa chombo safi. Maziwa yakishuka kutoka nyuzi 35 hadi 22, mtambo umepunguziwa nyuzi 13 kati ya 31. Maji yale ya birika hayakuguswa na uchafu, basi yapeni ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe wa maziwa anakunywa sana. Hapo maji yamefanya kazi mbili kwa bei moja.

Nne, maji yanayozunguka katika mnara yasinywewe, wala yasioshee vyombo vya maziwa. Kwa kuwa mvuke huondoka peke yake, chumvi na taka hubaki na kuongezeka, kwa hiyo sehemu ya maji imwagwe na kubadilishwa mara kwa mara, na utelezi usafishwe. Tangi lifunikwe ili mbu wasizae humo.

Tano, chama kiwe na daftari la mita. Kila asubuhi, kabla mtambo haujawashwa, mtu mmoja aandike tarakimu ya mita na lita za maziwa za jana. Gawanya maji kwa maziwa. Jibu likipanda ghafula, kuna kitu, na mtakijua siku ile ile badala ya kungoja bili.

BILI IKIWA NA KOSA

Kuna siku kosa litakuwa kweli la upande wa pili. Hapo msikate bomba, na msichome maneno. Kuunga maji bila mita ni kosa la sheria, na mwenye haki akifanya hivyo hugeuka mwenye hatia.

Anzeni kwa barua katika ofisi ya kampuni inayowaletea maji. Wekeni nakala, namba ya mita, tarehe, na tarakimu kutoka katika daftari lenu. Ombeni mita ipimwe mkiwapo. Ulizeni pia mmewekwa katika daraja gani la bei, kwa kuwa bei ya nyumba na bei ya biashara zaweza kutofautiana, na mara nyingi bei hupanda kadiri uniti zinavyoongezeka. Ikiwa maji ya kupozea na maji ya kunywa ya ofisi yanapita mita moja, fikirini kuweka mita ya pili, ili kila kazi ijulikane kwa hesabu yake.

Msiporidhika, malalamiko yaweza kupelekwa kwa Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji huko Nairobi. Kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, bodi hiyo ndiyo inayochunguza na kukubali bei ambazo kampuni hutoza. Sheria hiyo hiyo iliweka Baraza la kuamua mashauri ya maji.

Na wale wanaosema, "Tutaacha bomba, tutavuta maji ya mto kwa pampu yetu," wakumbuke kwamba maji ya mto nayo yana mwenyewe. Sheria inasema rasilimali za maji ziko mikononi mwa Serikali kwa niaba ya wananchi wote. Mtu achotaye kwa mtungi kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali, bali chama kinachoweka pampu kwa ajili ya mtambo ni lazima kiombe kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tena kanuni za mwaka 2006 juu ya ubora wa maji ziliweka mipaka ya joto la maji yanayomwagwa katika mto. Maji ya moto huwaua samaki wadogo na huharibu maji ya aliye chini yako.

NENO LA MWISHO

Mtaniuliza mama yule alisema nini. Baada ya mimi kumaliza maelezo yangu, alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Basi, Mwalimu, hatukuibiwa. Tuliacha mlango wazi." Nilimjibu kwamba ni hivyo, isipokuwa ule mwezi mmoja wa makadirio, ambao alikuwa na haki ya kuudai, na fedha zake zilirudi.

Mwezi uliofuata makato yalishuka. Waliokuwa wamehamia kwa wachuuzi walirudi mmoja mmoja, kwa sababu mchuuzi hununua wakati wa ukame na kukukimbia wakati wa mvua. Daftari la mita limetundikwa kwa kamba karibu na mlango wa mtambo, na mwanachama yeyote aweza kulisoma. Mama mwenye ng'ombe mmoja hulisoma kila anapoleta maziwa yake. Siku moja tarakimu ilipopanda, yeye ndiye aliyeona kwanza, na fundi akaitwa kabla ya saa sita ya mchana.

Wakulima wa skimu, lita nne za maji kwa lita moja ya maziwa si jambo dogo. Pimeni kabla ya kugombana. Mkikuta kosa ni la mfereji wenu, ufungeni. Mkikuta kosa ni la bili, idaini haki yenu kwa karatasi na tarakimu, nanyi mtasikilizwa.